Mpaka Nisikie Ta

Somo langu la kwanza la udereva hatukutoka pale tulipokuwa. Injini haikuwashwa, kioo hakikushushwa, na nilipoteremka baada ya saa nzima gari lilikuwa palepale mbele ya jengo letu la Jane na Finch, Toronto, nami nimevimba kwa hasira. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Nilikuwa nimewatambia mashoga zangu kwamba leo naenda kuendesha gari. Kumbe nilikwenda kukaa.

Mwalimu alinifundisha kukaa. "Makalio yafike mwisho wa kiti," alisema. "Hukuja hapa kuchungulia harusi ya watu." Nikarudi nyuma. Akanionyesha chuma cha chini ya kiti, nikavuta, kiti kikaja mbele ghafla nikadhani nimeharibu. Akasema sijaharibu, nirudie. Goti libaki limekunjika kidogo hata ukikanyaga breki mpaka chini. Mgongo uegemee. Nyoosha mkono juu ya usukani, kifundo kifike juu yake bila bega kubanduka. Mto wa kichwa ulingane na kichwa, siyo shingo, maana hukuwekewa ulalie. Halafu akaniambia nipime kwa mkono wangu kutoka kifuani hadi usukanini: shibiri na vidole vinne.

"Nikikaribia zaidi?" nikamuuliza, kwa ubishi tu.

"Humo ndani kuna mfuko wa hewa," alisema. "Ukitoka hutoka kama ngumi. Ukiwa mbali unakupokea. Ukiwa karibu unakupiga."

Vioo vya kutazamia nyuma vikaja baada ya kiti, kwa sababu, alisema, kioo hufuata jicho na jicho hufuata kiti, na anayeanza na vioo ni sawa na anayechagua miwani kabla ya kuzaliwa. Hapo ndipo tulipofika kwenye mkanda. Wa chini ukae kwenye mifupa ya nyonga, chini ya tumbo. Wa juu upite katikati ya bega, juu ya mtulinga, usikwaruze shingo wala usipite kwapani. Usijipinde. Uvute juu uondoe ulegevu. Kisha uchomeke, na yeye akainamisha kichwa upande, jicho moja amelifumba, akisikiliza.

"Ta," alisema baada ya mkanda kusema. "Gari haliondoki mpaka nisikie ta."

Alikuwa Mhindi wa Tanga, mrefu, mwembamba, ndevu nyeupe zimepunguzwa vizuri, sweta la kijivu majira yote. Kiswahili chake kilinitia haya mimi mtu wa Dodoma. Kila mtu aliyezungumza Kiswahili upande ule wa Toronto na akawa na leseni, aidha alifundishwa naye au alifundishwa na mtu aliyefundishwa naye. Wakongo, Wakenya, sisi Watanzania, hata Wasomali waliokulia Mombasa. Jina alikuwa nalo, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Ukisema Mwalimu, hakuna aliyeuliza mwalimu gani.

Kosa letu sisi tuliotoka kwetu lilikuwa moja, na yeye alilijua kabla hatujalifanya. Kwetu dereva hukaa kulia. Hapa hukaa kushoto. Mwanafunzi mgeni alipoambiwa aingie, alizunguka upande wa kulia wa gari kwa kujiamini, akafungua mlango, akakaa, akatazama mbele, usukani haupo. Mwalimu naye aliingia. Alikaa upande wa pili, usukani mbele yake, akakunja mikono. Mwanafunzi akimgeukia, humwambia, "Haya, endesha." Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu nilifika mlango wa kulia, nikakumbuka, nikajifanya nakagua tairi.

Alikuwa na uchoyo wa sifa usio na kifani. Siku niliyofaulu mtihani wa barabarani nilitoka nikipiga vigelegele, mtahini ananitazama. Mwalimu alikuwa ananisubiri nje, mikono mfukoni. "Umepita," alisema. "Lakini kiti chako kiko mbele mno." Nilitaka kumpiga kwa pochi.

Kulikuwa na mchungaji mmoja wa Kikongo, mtu mkubwa, suti za rangi, aliyependa kulaza kiti mpaka karibu alale chali, usukani anaushika kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nyuma siku hiyo, nangojea zamu yangu. Mwalimu alimtazama kwa muda.

"Mchungaji, hapa si kwa kinyozi."

"Mwalimu, miye niko na Mungu. Ananichunga."

"Najua. Sasa msaidie kazi, inua kiti."

Mchungaji alicheka mpaka gari likatikisika, akainua kiti. Na kijana wa Kikenya aliyesema, "Lakini Mwalimu, si tunaenda tu hapo kona?" alijibiwa palepale: "Hapo kona ndipo watu hufia. Safari ndefu watu hujiandaa." Tulilichukua neno lile tukalifanya la utani. Mtu akienda chooni kwenye sherehe tunamwambia ajifunge mkanda, hapo kona ndipo watu hufia. Siku hizi hakuna anayelisema.

Sherehe zilimtesa kuliko barabara. Wanawake wa kwetu tukishapiga pasi gauni la harusi hatukubali mkanda ulikunje, basi tunaupitisha kwapani, au nyuma ya mgongo kabisa. Kuna wanaoacha nailoni ya dukani kwenye viti ili gari libaki jipya, mtu anateleza ndani yake kama sahani. Na kuna wale waliogundua dukani kidude cha chuma, ulimi wa mkanda usio na mkanda, unauchomeka kwenye kufuli lake kengele ya gari inanyamaza, na wewe uko huru. Mwalimu akikiona hicho alikichomoa bila kuomba ruhusa, akakitia mfukoni. Nyumbani alikuwa na kopo la biskuti limejaa. "Unamdanganya nani?" alimuuliza mwenye gari. "Gari halitakulilia."

Sitaki ionekane alikuwa mtu wa barabara tu. Alikuwa na mambo yake, mengine ya kukasirisha. Yeye aliyejua kiti cha kila mtu, nyumbani kwake alikalia kiti chenye mguu uliovunjika, kimeegemezwa na tofali, na akikikalia alijikunja mpaka kidevu kikagusa kifua. Kisukari alikuwa nacho na chai aliinywa nzito kwa sukari, akisema maisha yote amefuata sheria, kikombe hiki kimuache. Hakuweza kusubiri foleni dukani. Alikuwa na hasira za karibu, zinakuja na kuondoka kabla hujajua umekosa nini. Watoto wangu walimpenda kwa sababu walimjibu kwa Kiingereza na yeye akaendelea na Kiswahili kana kwamba hakusikia, na pande zote mbili zikaelewana.

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza ilikuwa majira ya baridi kali. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Dodoma kunilea, na mama yangu hakujua theluji lakini alijua watoto. Akamvalisha mjukuu wake nguo juu ya nguo, na juu yake koti nene la kujaa manyoya, mtoto akawa mviringo. Mwalimu alifika hospitalini bila kuitwa. Alitaka kutazama kile kiti cha mtoto kimefungwaje kwenye gari la mume wangu. Alikisukuma huku na huku, akakifungua, akakifunga upya, akakitikisa tena. Kisha akamwona mtoto.

"Koti litoke," alisema.

"Litoke liende wapi?" mama akamaka. "Huoni baridi hii?"

"Shikamoo mama," alisema Mwalimu, akaanza upya kwa adabu, ingawa sidhani mama yangu alimzidi umri kwa mengi. "Koti ni hewa. Tukilifunga na mkanda, mkanda unashika koti, haumshiki mtoto. Tukigongwa, koti linabonyea, mtoto anatoka. Tumfunge kwanza, blanketi tumfunike juu."

"Mimi nitampakata mwenyewe. Watoto wangu wote niliwapakata. Nyie mnataka kumfunga mjukuu wangu kama mbuzi wa mnadani."

Mwalimu hakubishana. Alimvua mtoto koti, akamlaza, akapitisha mikanda miwili mabegani, akaikaza, akabana kidogo kwa vidole kuona kama kuna ulegevu wa kushika. Hakuna. Akachukua kanga ya mama, ile aliyojitanda, akaiomba kwa mkono tu, akamfunika nayo mtoto mpaka kidevuni. Mama akapanda nyuma. Njia nzima alikaa karibu na kiti kile, mkono wake umelala juu ya kanga yake. Tulipofika alisema yule Mhindi ana mikono mizuri.

Kwa mtu kama huyo, basi, lilikuwa jambo la ajabu kumkuta kwenye kituo cha basi. Nilimwona mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha, theluji inaanguka ya upande upande, yeye na mkewe wamesimama kituoni Finch wamejikunyata. Nikasimamisha gari, nikashusha kioo.

"Shikamoo Mwalimu! Gari limekufa?"

"Marahaba. Gari zima."

"Basi ingieni niwapeleke."

Alimtazama mkewe, mkewe akatazama basi linakuja. "Nenda, binti," alisema. "Unazuia njia."

Mkewe sote tulimwita Shangazi. Alikuwa mfupi sana, mdomo wake mkali na mkono wake mtamu; kababu zake ziliuzwa kabla hazijatoka kwenye mafuta. Nilianza kwenda kwake Jumamosi kumsaidia, na kwa kweli nilikwenda kula. Siku moja nikamuuliza, mbona mke wa mwalimu wa udereva anapanda basi? Hakuacha kukaanga.

"Kwa sababu mimi sifungi mkanda," alisema. "Na yeye bila mkanda haendi. Basi tunapanda basi, hakuna mkanda, sote tuna amani."

Kisha akanieleza. Alikuwa msichana, wanarudi harusini Korogwe kwa gari jipya la ami yake. Gari lile lilikuwa na mikanda mbele, na siku hizo mkanda ulikuwa kitu cha kuonyeshwa wageni. Ami akamweka kiti cha mbele mdogo wa Shangazi, akamfunga kwa mkono wake, akamwambia leo umekaa kizungu. Shangazi na wengine wakabanana nyuma. Gari likapinduka kwenye mashamba ya mkonge.

"Mimi nilirushwa dirishani. Nilijikuta kwenye mkonge, nimechanwachanwa, mzima. Gari likashika moto. Ami akauvuta mkanda ule, akauvuta, akauvuta. Haukufunguka." Akageuza kababu moja baada ya nyingine. "Mimi nilipona kwa sababu hakuna kilichonishika. Sasa mwambie mume wangu anijibu hilo kwa shibiri zake."

Nilimwambia, maana mdomo wangu hauna mkanda. Tulikuwa wawili garini, namrudisha kutoka msikitini. Alingoja tusimame kwenye taa nyekundu.

"Jibu ninalo," alisema. "Kwa mmoja aliyerushwa akapona, wapo wengi waliorushwa hawakupona. Lakini hao hawawezi kuja kukaa jikoni kwangu wakamweleza mke wangu." Taa ikawa kijani. "Nimemwambia tangu tulipooana. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali, nimeacha kusema. Mtu aliyemwona mdogo wake vile utamwonyesha nini?"

Nilielewa siku ile kwamba sisi sote, mchungaji na kijana wa Kikenya na mimi na mtoto wangu, tulikuwa wa mazoezi. Mtu aliyetaka kumfundisha alikuwa mmoja, na huyo hakufundishika. Nadhani ndiyo maana alisikiliza zile ta zetu jicho limefumbwa.

Walipanda basi miaka yote ile. Kisha magoti ya Shangazi yakakataa. Akaanguka kituoni kwenye barafu, hakuvunjika, lakini tangu hapo akawa anaogopa ngazi za basi, akawa anakosa miadi ya daktari. Mwalimu alimsihi afunge mkanda. Aliniambia alimpigia magoti, mtu mzima yule, sebuleni. Shangazi akamjibu, basi niache nife ndani. Na Mwalimu akashindwa.

Waliafikiana. Shangazi angeuvuta mkanda upite kifuani, na ulimi wake angeushika mkononi, pale nyongani, bila kuuchomeka. "Hiyo ndiyo nusu yangu," alimwambia. "Nusu nyingine usiniombe." Na kiti hakukubali kisogezwe nyuma. Alikuwa mfupi, alitaka kuona anakopelekwa, basi alikivuta mbele mpaka magoti yakakaribia dashibodi. Niliwaona mara moja kwenye taa za Keele. Shangazi amekaa wima, mkono kiunoni, anatazama mbele kwa uangalifu kana kwamba ndiye anayeendesha. Mwalimu hakugeuka kunisalimu. Aliendesha polepole kiasi kwamba waliokuwa nyuma yake walipiga honi. Nilicheka peke yangu garini, nikasema haya, mapenzi yameshinda sheria.

Ajali yenyewe haifai kuitwa ajali. Ilikuwa kwenye maegesho ya duka la vyakula, mchana kweupe, Mwalimu anatafuta nafasi karibu na mlango ili Shangazi asitembee sana. Gari jingine likatoka kinyumenyume kwa haraka kutoka katikati ya mawili, likawagonga mbele. Pigo la kuvunja taa. Watu waliokuwa wanasukuma vitoroli hawakusimama hata kutazama. Lakini mfuko wa hewa, ambao upande wa abiria nao umo ndani ya dashibodi, hauulizi mwendo wala umri. Ulitoka, na Shangazi alikuwa karibu nao mno, na mkanda ulimponyoka mkononi.

Hakutoka hospitalini. Mwalimu hakuwa na mkwaruzo. Alikuwa amekaa sawasawa.

Msibani tuliingia tukamkuta sakafuni pamoja na wazee wengine, ameegemea ukuta, mgongo umenyooka. Kila aliyempa pole alimwitikia kwa jina la mtoto wake na kuuliza kama amekua, kama bado anatumia kiti cha nyuma. Nilipofika mimi alisema, "Binti yako sasa amefikia kutumia mkanda wa watu wazima? Usiharakishe. Mpaka magoti yakunjike ukingoni mwa kiti." Nikamwambia ndiyo, Mwalimu. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi.

Baada ya hapo aliacha kufundisha, akaacha na kuendesha. Kile kibao cha juu ya gari kilichoandikwa kwamba dereva anajifunza alikitoa mwenyewe, leseni yake ya udereva akamkabidhi mwanawe anayekaa Richmond Hill. Mwana alitaka gari liuzwe chuma chakavu. Baba akakataa, akalitengenezesha, likarudi kwenye nafasi yake chini ya jengo. Alitoa sharti moja tu: kiti cha abiria kisiguswe. Yeye aliyetufundisha kwamba kila anayeingia garini akitengeneze kiti upya, hata kama aliyeshuka ni pacha wake, sasa alikuwa na kiti ambacho kilitengenezewa mtu mmoja na basi.

Shangazi amezikwa huko huko Richmond Hill. Tangu siku ya maziko Mwalimu hajafika kaburini. Niliambiwa na mwanawe kwa simu, sauti ya mtu aliyechoka. "Nimejaribu kumpeleka, dada. Mchungaji amejaribu. Wote wamejaribu. Wewe njoo ujionee." Nikamuuliza kwa nini asichukue teksi. Akasema baba hataki gari jingine ila lile lile, na teksi amekataa, amesema hawezi kwenda kwa mkewe na mtu anayesikiliza redio. Na basi? Basi, amesema, walikuwa wanapanda wawili.

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, asubuhi, mwaka huu mwanzo wa masika, theluji ya mwisho imekuwa nyeusi kandoni mwa barabara. Alikuwa amevaa koti tayari, chupa ya marashi ya kunyunyizia kaburi iko kwenye mfuko wa plastiki. Amekonda. Tulishuka kwa lifti mpaka kwenye maegesho. Akanipa ufunguo, akaenda zake mlango wa kulia.

Nikadhani mazoea ya Tanga yamemrudia, kwamba anataka kuendesha na amesahau upande. Nikataka kumtania: haya, endesha. Lakini aliingia akakaa, magoti yake marefu yamekwama kwenye dashibodi, kifua karibu kuigusa, na chupa akaiweka mbele yake. Nikaelewa amekalia nini.

Nikaingia upande wangu. Nilifanya kila kitu, na nilikifanya taratibu kwa sababu alikuwa ananitazama. Makalio. Goti. Kifundo cha mkono juu ya usukani. Nikapima shibiri na vidole vinne. Vioo. Nikavuta mkanda, nikaulaza nyongani, nikaukaza. Ta.

Nikangoja.

Mwalimu aliuvuta mkanda wake ukapita kifuani. Akaushusha mpaka nyongani. Na hapo akaushika ulimi wake mkononi, bila kuuchomeka.

"Mwalimu, tusogeze kiti nyuma kidogo," nilisema.

"Kiache."

"Basi kaa nyuma, Mwalimu. Nyuma kuna nafasi."

"Nyuma nitaona nini?"

"Basi chomeka mkanda."

Alitazama mkono wake. "Unajua kumbe unavuta?" alisema. "Ukiushika hivi, unavuta wakati wote. Unataka kurudi. Mpaka kliniki ni mbali, na yeye mkono wake ulikuwa na baridi yabisi. Hakuniambia kama unavuta."

Nilijaribu hata hivyo. Nilimwambia Shangazi angependa afike. Nilimwambia kaburi halijapata marashi. Nilimwambia anajua yeye kuliko wote kilicho ndani ya dashibodi ile, na kwamba amekaa palepale.

"Maisha yote nilitaka nimshinde kwa jambo hili," alisema. "Nikichomeka leo, kwenye kiti chake, nimemshinda. Sasa nikifika pale nitamwambia nini?"

"Na usipofika?"

Gari jingine lilipita likatoka nje, lango likajifunga nyuma yake.

"Washa, binti," alisema.

"Sijasikia, Mwalimu."

Aligeuza uso wake akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanisifu. "Nilikufundisha vizuri."

"Sana."

"Wote niliwafundisha vizuri. Hakuna hata mmoja wenu anayekubali kuondoka." Akautazama ukuta wa zege mbele yetu. "Laiti mmoja ningemfundisha vibaya."

Niliushika ufunguo. Niliufikiria ule mwendo wote, Finch, Yonge, mpaka juu kule, barabara kavu, magari machache, mimi naenda polepole watu wakinipigia honi. Ningeweza. Nilimwona Shangazi kwenye taa za Keele, mkono kiunoni. Nikauweka ufunguo mapajani.

"Basi tukae," alisema Mwalimu.

Tukakaa. Taa za kule chini huzimika zenyewe zisipoona mtu akitembea, zikazimika. Gizani nilikuwa namsikia anapumua, na mkanda ukikwaruza kidogo koti lake, unavuta. Chupa ya marashi ilikuwa juu ya dashibodi, imejaa.